Mtaka cha mvunguni: kwa nini magari ya langalanga yalidunda, na nani alijua kuyatuliza

Tarehe 12 Juni 2022, baada ya mbio za langalanga (Formula One) za Baku, Azerbaijan, dereva Lewis Hamilton alijikongoja kutoka kwenye Mercedes yake huku amejishika kiuno. Alikuwa amemaliza wa nne na mwenzake George Russell wa tatu, matokeo ya kupongezwa kwa gari la namna ile. Sehemu iliyonyooka ya Baku ina urefu wa kilomita mbili na ushei, na mwendo unapita kilomita 320 kwa saa. Mwaka ule magari kadhaa yaliipita yakidunda mara kadhaa kila sekunde, kofia za madereva zikitikisika hata mtazamaji akaumia macho kwa kuangalia tu.

Tangu siku ile maelezo yanayopendwa ni kwamba Mercedes walichora gari bovu. Ni kweli, ila ukweli huo haujatosha. Hoja yangu ni kwamba kosa lilianzia kwenye vipimo kabla halijafika kwenye michoro. Waliamini tarakimu iliyopatikana gari likiwa limeshikiliwa tuli, wakati gari la mashindano halitulii hata sekunde moja.

Tuanze na sakafu, maana ndiko ugomvi wote uliko. Kanuni za 2022 zilirudisha sakafu yenye mifereji chini ya gari. Hewa ikiingia mbele inabanwa katika nafasi nyembamba kati ya sakafu na lami, inakwenda kasi, presha yake inashuka, na gari linavutwa chini. Kadiri sakafu inavyoikaribia lami ndivyo mvuto unavyoongezeka, na mwendo ukiongezeka mara mbili mvuto unakuwa mara nne. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo ni kanuni ya fizikia. Dereva anapata mshiko mkubwa kwenye kona bila mabawa makubwa juu ya gari, na anayemfuata hapati hewa iliyovurugika sana. Ndiyo sababu FIA, shirikisho linalosimamia mashindano haya, waliipenda.

Tatizo ni kwamba kuinama kuna mwisho. Sakafu ikikaribia lami kupita kiasi, hewa inakosa pa kupita. Mtiririko unakatika, mvuto unaporomoka ghafla, na springi zilizokuwa zimebanwa zinalirusha gari juu. Likishanyanyuka kidogo, hewa inapata njia tena, mvuto unarudi, gari linavutwa chini, mtiririko unakatika. Mzunguko huo unajilisha wenyewe ili mradi mwendo uwepo. Hauhitaji shimo wala tuta barabarani. Lami inaweza kuwa laini kama meza na gari likadunda vilevile.

Hili halikuwa jambo jipya. Timu ya Lotus iligundua nguvu ya sakafu katikati ya miaka ya 1970 kwenye handaki la upepo (chumba cha kupulizia modeli ya gari upepo ili kuipima) la Imperial College, London, na namna ilivyogunduliwa ina mafunzo yake. Mhandisi Peter Wright na wenzake waliona vipimo vya modeli yao havitulii. Walipochungulia wakakuta sehemu za pembeni za modeli zimelegea na kushuka karibu na sakafu ya handaki, na kila zikishuka mgandamizo, yaani ule mvuto wa kwenda chini, unaongezeka. Kwa maneno mengine, ugunduzi wenyewe ulitokana na kitu kilichokuwa kinachezacheza. Mwaka 1978 dereva Mario Andretti alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Lotus 79. Mwaka uliofuata Colin Chapman, mwenye timu ya Lotus, akataka zaidi, akaleta Lotus 80 yenye sakafu inayofyonza karibu urefu wote wa gari. Gari hilo lilidunda hata Andretti akashindwa kulielewa, na likawekwa kando baada ya mbio chache. Dawa ya wakati ule ilikuwa kukaza springi hadi gari likawa halina saspensheni ya kusema. Kufikia 1982 madereva walikuwa wanalalamikia migongo, na mwaka 1983 sakafu za namna hiyo zikapigwa marufuku.

Kwa hiyo 2022 kila mhandisi aliyesoma historia ya kazi yake alijua jini gani linafunguliwa chupa. Kilichowashangaza wengi ni kwamba jini lilitoka wakati silaha zote za kupambana nalo zilikuwa zimeshapigwa marufuku.

Hebu tazama orodha hiyo. Saspensheni inayoendeshwa na kompyuta, ambayo Lotus walianza kuihangaikia kwa sababu ya magari haya haya na ambayo Williams waliitumia kumpa Nigel Mansell ubingwa wa 1992, ilifutwa baada ya msimu wa 1993. Mwaka 2006 ikawa zamu ya uzito mdogo uliofungwa kwenye springi ndani ya pua ya Renault ili umeze mitetemo. FIA walisema ni kifaa cha aerodinamiki, yaani cha kuathiri mwenendo wa hewa, kinachochezacheza. Mfumo wa majimaji ulioziunganisha saspensheni za mbele na nyuma ukaondolewa katikati ya msimu wa 2014. Na mwaka huo huo wa 2022, sakafu inayofyonza ikiwa inaingia kwa mlango wa mbele, inata ikatolewa kwa mlango wa nyuma. Hicho ni kifaa kilichobuniwa na Profesa Malcolm Smith wa Cambridge na kutumiwa na McLaren tangu 2005 kutuliza mitikisiko. Juu ya hayo, tairi la inchi 13 lenye ubavu mnene likabadilishwa na la inchi 18 lenye ubavu mwembamba, ambalo haliwezi kumeza mtikisiko kama la zamani.

Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una sababu zake: gharama, usawa, urahisi. Ukiuweka pamoja na mwenzake unabaki unajiuliza kama kuna aliyekaa akaisoma kanuni yote kwa mkupuo mmoja.

Sasa tuje kwenye vipimo. Handaki la upepo la Formula One haliruhusiwi kutumia gari la ukubwa kamili; modeli haizidi asilimia 60. Upepo wake hauruhusiwi kuzidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa, wakati kudunda kwa 2022 kulikuwa kunaanza gari likishavuka 250 au zaidi. Modeli inaning'inizwa kwenye mhimili unaoshuka kutoka juu, na kimo chake kinapangwa na mashine hatua kwa hatua. Haina springi zake, haina tairi lenye ulaini wa kweli, haina uzito wa kweli. Wala huwezi kuiachia ijigonge chini, kwa sababu chini yake kuna mkanda unaozunguka ambao ukichanika kazi ya handaki inasimama. Programu za kukokotoa mtiririko wa hewa nazo, kwa kiasi kikubwa, hutoa picha ya wastani, na ugonjwa huu unaishi kwenye kupanda na kushuka.

Tena muda wenyewe ni wa mgawo. Mercedes, kama mabingwa wa timu wa 2021, waliingia 2022 wakiwa na asilimia 70 ya mgawo wa msingi wa majaribio ya aerodinamiki; timu ya kumi ilikuwa na 115. Barabarani walipewa siku tatu Barcelona, kuanzia 23 Februari, na tatu Bahrain, kuanzia 10 Machi. Kwenye siku hizo sita gari jipya kabisa lilitakiwa kufunzwa kutembea, na hapo hapo kugunduliwa maradhi yake.

Anayetazama majaribio hayo kwenye televisheni huona vitu vya ajabu. Nyuma ya magurudumu ya mbele kunafungwa fremu kubwa za chuma zenye mistari ya vijiti vya kupimia presha, gari likaonekana kama limebeba chanio. Sakafu na pembe za bawa zinapakwa rangi ya kung'aa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Gari likizunguka mara moja na kurudi, rangi imeburutwa na upepo, na mhandisi anainama na kamera kusoma mistari yake. Hapo unaona hewa imepita wapi na imekatikia wapi. Lakini rangi ni picha ya mzunguko mzima iliyojilundika mahali pamoja. Vinavyosema zaidi kuhusu kudunda ni vitu vidogo visivyoonekana: macho ya leza chini ya gari yanayopima kimo kwa milimita, vihisi kwenye fimbo za saspensheni vinavyopima uzito unaoshuka kwenye kila gurudumu, na vingine vinavyorekodi kila mrusho wa juu na chini.

Kwenye kompyuta, kimo na uzito huo vinachorwa pamoja. Gari likiwa zima, kimo kikishuka uzito unapanda, taratibu, na mstari haukatiki. Gari likiwa gonjwa, unafika kimo fulani mstari unaanguka kama umekatwa na panga. Hapo umeshampata mhalifu. Kazi ngumu inakuja baadaye: kuamua unamtoaje.

Hapa ndipo naona Mercedes walipoteza miezi. Kudunda kule kulikuwa magonjwa mawili yanayofanana dalili. La kwanza ni la hewa, nililolieleza hapo juu. La pili ni la springi: gari limekazwa mno na limewekwa chini mno, na kila kijituta cha lami kinalirusha. Namna ya kuyatenganisha inajulikana. Inua gari milimita chache, usibadilishe kingine chochote, rudi barabarani. Kama kudunda kunaanza kwenye mwendo ule ule kila mzunguko bila kujali lami ikoje, shughulika na sakafu. Kama kunafuata vijituta, kukizidi mahali lami ilipochakaa na kutulia mahali ilipo mpya, shughulika na saspensheni. Kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja kwa sababu muda unakimbia ni kujinyima jibu.

Sakafu mpya waliyopeleka kwenye mbio za Barcelona mwezi Mei ilipunguza sana ugonjwa wa kwanza, na kwa wiki moja walionekana wamepona. Kisha zikaja Monaco na Baku, barabara za mji zenye vijituta na viraka, na ugonjwa wa pili ukajitokeza wazi. Gari lile lilikuwa linapata mgandamizo wake likiwa karibu kabisa na lami. Ili likae pale lilihitaji springi ngumu kama jiwe, na kwa springi ngumu kama jiwe, barabara ya mji inakuwa adhabu.

Ugumu huo una ubaya mwingine usiosemwa sana. Kila aliyewahi kukaa siti ya nyuma ya daladala iliyokufa shokapu anajua springi peke yake haitulizi kitu. Inabana, inarusha, inabana, inarusha, mpaka shokapu iingie kati na kuimeza ile nguvu. Lakini shokapu inafanya kazi pale tu inaposogea. Ukiikaza saspensheni ya gari la mashindano hadi haisogei, gari halijaacha kudunda. Limehamia kwenye tairi. Tairi ni springi ya mpira na hewa isiyo na shokapu ya maana. Kwa hiyo fundi anayekaza ili kuzuia gari lisizame chini anaweza kujikuta amenunua utulivu wa sakafu kwa kuuza njia pekee aliyobaki nayo ya kuua mtikisiko. Viwandani kuna mtambo wa kulijaribia hilo: gari linakalishwa juu ya mihimili minne ya majimaji, mmoja chini ya kila gurudumu, na mitatu mingine inalivuta mwili badala ya upepo. Ni mtambo mzuri, ila nguvu ile ya upepo inayokatika na kurudi lazima uilishe wewe kwenye kompyuta. Kama hujaijua kutoka barabarani, mtambo utakurudishia ulichodhani.

Red Bull walifika wapi wenzao wasikofika? Adrian Newey, mkuu wa michoro wao wakati ule, alimaliza masomo ya uhandisi wa vyombo vya anga Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 1980, tasnifu yake ikihusu sakafu zinazofyonza, na akaingia kwenye mashindano wakati magari hayo bado yanakimbia. Aliwahi kuyaona yakidunda kwa macho yake. Kwenye RB18, gari lao la 2022, alijiingiza mwenyewe kwenye saspensheni, eneo ambalo mkubwa wa michoro angeweza kuwaachia wengine. Gari lililotoka lilikuwa tulivu kuliko karibu yote, na lilionekana kutumia mwendo wa saspensheni ambao Mercedes walikuwa wameufuta. Kwenye karatasi, sakafu inayotoa mgandamizo wake mkubwa kwenye kimo kimoja tu inashinda ile inayotoa pungufu kidogo kwenye vimo vingi. Barabarani dereva anaishi kwenye vimo vingi. Red Bull walishinda mbio 17 kati ya 22 mwaka ule, dereva wao Max Verstappen peke yake 15. Mercedes walipata moja, ya Russell huko São Paulo mwezi Novemba, na Hamilton akamaliza msimu bila ushindi kwa mara ya kwanza tangu aingie Formula One.

Kuna atakayeniuliza kuhusu Ferrari, na ana haki. Dereva wao Charles Leclerc alidunda Melbourne mwezi Aprili hata picha za kwenye gari zikawa hazitazamiki, na bado alishinda kwa zaidi ya sekunde 20. Kumbe kudunda si lazima kuwe polepole. Nakubali, na jambo hilo linaipa nguvu hoja yangu. Gari la Ferrari lilikuwa na mgandamizo wa kutosha hata likiwekwa mahali lisipoteseka sana kwenye kona, ambako muda hupatikana. La Mercedes lilikuwa halina pa kukimbilia: chini lilidunda, na likiinuliwa lilikuwa halina kitu.

Tuwageukie FIA. Siku chache baada ya Baku, kabla ya mbio za Kanada, walitoa waraka wa kiufundi: wangepima mrusho wa wima wa kila gari, na atakayezidi kiwango atalazimika kurekebisha. Kiwango kilichowekwa ni jouli 10 kwa kila kilo kwa kila kilomita 100, na kilianza kutumika kwenye mbio za Spa, Ubelgiji, tarehe 28 Agosti. Kwenye mbio za Kanada, Montreal, waliruhusu pia fimbo ya pili ya kuishikilia sakafu. Mercedes wakatokea nayo Ijumaa hiyo hiyo, wapinzani wakapiga kelele kwamba waliijua mapema, na fimbo ikaondolewa. Vichekesho hivyo vya paddoki, uwanja wa nyuma wa timu, nawaachia wenyewe.

Wazo la kiwango naliunga mkono bila kusita. Mgongo wa mtu si kifaa cha kuchezea, na kanuni ile iliuliza swali sahihi: gari lako linamrusha dereva kiasi gani? Namna ya kulituliza waliiachia timu. Waliodai kwamba imeandikwa kuwaokoa Mercedes na kuwaangusha Red Bull walijibiwa Spa, pale Verstappen alipoanza nafasi ya 14 na kushinda kwa karibu sekunde 18.

Siungi mkono kilichofuata. Kwa 2023 kingo za sakafu ziliinuliwa milimita 15 kwa timu zote, iliyopona na iliyougua. Kipimo cha ugonjwa walishakuwa nacho, na bado wakawanywesha dawa hata wasioumwa. Aliyeelewa kisa tangu mwanzo hakupungukiwa: Red Bull walishinda 21 kati ya 22 mwaka huo.

Wala ugonjwa haukuisha, ulijificha tu kwenye ubao. Chini ya kila gari kuna ubao wa unene wa milimita 10, na ukilika zaidi ya milimita moja dereva anaondolewa kwenye matokeo. Austin, Oktoba 2023, Hamilton aliyekuwa wa pili na Leclerc aliyekuwa wa sita waliondolewa kwa kosa hilo. Lami ya Austin ina vijituta, na wikendi ile ilikuwa na mbio fupi za Jumamosi, hivyo timu zilikuwa na saa moja tu ya mazoezi kabla ya kukatazwa kubadilisha mpangilio wa gari. Las Vegas, Novemba 2025, ikawa zamu ya McLaren, gari bora la msimu: madereva wao Lando Norris na Oscar Piastri wote wawili walifutiwa matokeo, na timu ikaeleza kwamba magari yalidunda kuliko walivyotarajia. Miaka minne ya kanuni zile zile, mabingwa watupu, na bado kudunda kuliwakuta bila taarifa. Anayesema tatizo la 2022 lilikuwa umbo la ajabu la ubavu wa gari la Mercedes anieleze ubavu wa McLaren ulikuwa na kosa gani.

Kanuni za 2026 zimepunguza mifereji ya sakafu na kuirudisha karibu na ubapa, na hilo litapunguza makali. Sidhani kama linaondoa haja ya kupima vizuri zaidi, kwa sababu gari lolote linaloshindana litatafuta lami. Kati ya 2009 na miaka michache iliyofuata, timu ziliruhusiwa siku chache za majaribio ya mwendo ulionyooka, mara nyingi kwenye njia za ndege. Gari moja, hakuna kona, mwendo unapandishwa kwa ngazi na vihisi vinarekodi. Kwa ugonjwa huu hakuna kipimo kinachofaa zaidi. Pingamizi la usalama lina uzito: dereva María de Villota alipata majeraha mabaya Duxford, Uingereza, Julai 2012, alipogonga lori lililoegeshwa akiwa kwenye majaribio ya aina hiyo hiyo. Basi yafanyike kwenye viwanja vyenye kibali cha FIA, kwa wahudumu wa mbio na magari ya wagonjwa kamili. Siku mbili kwa kila timu kabla ya msimu, zikatwe kwenye mgawo wake wa handaki la upepo ili asiwepo wa kulalamikia gharama, na takwimu za mrusho wa wima ziende moja kwa moja kwa FIA, ambao tayari wanajua kuzisoma.